Esperar, au Kungoja kwa Matumaini

Mwalimu aliyenifundisha Kihispania katika mji wa Madrid, mama mtu mzima aliyevaa miwani yenye mnyororo na asiyeachana na kalamu yake ya wino mwekundu, aliwahi kunirudishia barua niliyomwandikia mwanafunzi mwenzangu ambaye mama yake alikuwa mgonjwa mahututi; na katika barua ile, yenye ukurasa mmoja na robo, alikuwa amesahihisha herufi moja tu. Nilikuwa nimeandika *Espero que tu madre mejora*, nikikusudia kusema kwamba natumaini mama yako atapata nafuu. Akaikata ile *a* ya mwisho, akaandika *e* juu yake: *mejore*. Nilipomuuliza kosa langu ni lipi, maana kitenzi nilikuwa nimekigeuza sawasawa kama jedwali lilivyoniamuru, alinijibu kwa upole: «Bwana, wewe umempa habari kwamba mama yake anapata nafuu. Hilo hulijui, wala yeye halijui. Mtakie.»

Nimelichukua jibu hilo kwa miaka mingi, na kila nilipolirudia nimeliona kuwa si la sarufi peke yake. Neno *espero* ni la kitenzi *esperar*, na kitenzi hicho ni miongoni mwa vile ambavyo wanasarufi huvisifu kwa kufuata kanuni. Wahispania hugawa vitenzi vyao katika mafungu matatu kwa miishio, *-ar*, *-er* na *-ir*, na *esperar*, kilicho cha fungu la kwanza, hupita katika nafsi sita na katika nyakati kumi na saba zinazohesabiwa na wasomi wao, nyepesi na zile zilizoundwa kwa kitenzi kisaidizi, pasipo shina lake kuyumba hata mara moja. *Espero*, nangoja, *esperé*, nilingoja, na kungoja kule kumekwisha, *esperaba*, nilikuwa nikingoja, na msikilizaji haambiwi kama kungoja kule kulikoma au la, *esperaré*, nitangoja, *esperaría*, ningengoja. Mwanafunzi akishalijua jedwali la kitenzi hiki, ameyajua ya maelfu ya wenzake.

Maana yake, hata hivyo, haitoshi katika neno moja la kwetu. *Esperar* ni kungoja, ni kutaraji, na ni kutumaini, yote kwa pamoja, na Mhispania haoni kwamba amechanganya mambo. Chumba cha kungojea katika stesheni ya gari la moshi huitwa *sala de espera*. Tumaini, lile ambalo makasisi hulihesabu pamoja na imani na mapendo, ni *esperanza*. Na aliyekata tamaa ni *desesperado*, yaani mtu aliyetolewa katika kungoja. Sisi tumekwenda njia nyingine, kwani katika *kusubiri* tumefunga kungoja pamoja na subira, ambayo ni sifa ya moyo unaovumilia, wala haisemi lolote juu ya kinachongojwa. Mtu anaweza kusubiri pasipo kutumaini kitu. Kwa Kihispania hilo ni gumu kulisema kwa neno moja, na nakiri kwamba umaskini huo wa Kihispania umenifundisha zaidi ya utajiri wetu.

Suala alilolifungua mwalimu wangu kwa ncha ya kalamu ni la kale. Aristotle, katika kitabu chake kidogo juu ya ufasiri wa maneno, aliuliza kama mtu asemaye leo kwamba kesho kutakuwa na vita baharini anasema kweli au uongo. Kwani ikiwa maneno yake ni kweli tangu leo, basi vita vile havina budi kuwa, na mashauri ya wanadamu na jitihada zao zimekuwa bure. Swali hilo limesumbua vichwa vingi. Lakini kitabu hicho hicho, kabla ya kulifikia, kinataja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kwamba si kila usemi una ukweli au uongo ndani yake, na mfano unaotolewa ni dua. Dua ni usemi kamili wenye maana kamili, ila hakuna awezaye kumwambia mwenye kuomba kwamba maneno yake si kweli. Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Córdoba, aliyezaliwa mwaka 1126 na kufariki mwaka 1198, alikifasiri kitabu hicho kwa Kiarabu, katika ardhi ile ile ambayo watu wake hii leo hawawezi kuagana jioni pasipo kuchagua baina ya *a* na *e*.

Kwani hapo ndipo sarufi ilipolitengea jambo hilo mahali. Hali ile ambayo Wahispania huiita *subjuntivo*, nasi tungeweza kuiita hali ya matakwa, ndiyo nyumba ya semi ambazo haziarifu. *Espera*, anangoja, *espere*, angoje. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kile ambacho mimi sikukiona siku ile kwa kuona haya: kwamba lugha yetu hufanya vivyo hivyo, ikaigeuza *a* ya mwisho kuwa *e* pale mtu anapoacha kusema lililopo na kuanza kusema alitakalo, *apone*, *afike salama na alale*, na lugha hizi mbili hazikuazimana jambo hilo wala hazina nasaba moja. Tena vitenzi vya Kihispania vya mafungu mawili yaliyobaki hufanya kinyume, *come*, anakula, kikawa *coma*, ale; kwa hiyo si sauti yenyewe iliyobeba matakwa, ni kule kugeuka. Jambo la kutazamwa zaidi ni kwamba vitenzi vyetu vya ibada, tulivyovipokea kwa Waarabu, kusali, kutubu, kushukuru, kuabudu, kusamehe, havigeuki mwishoni kabisa. *Asali*, *atubu*, *asamehe*: matakwa yake hujulikana kwa kukosekana kiambishi cha wakati tu, kana kwamba mwenye kutubu hahitaji kuambiwa ni lini.

Na wakati ujao je? Hapa wengi hudhani kwamba lugha imepewa ufunguo wa kesho. Antonio de Nebrija, aliyechapisha Salamanca mwaka 1492 sarufi ya Kikastilia na kumtunukia Malkia Isabel, alikwisha kuona kwamba wakati ujao wa lugha yake si wakati halisi, bali ni kuzunguka: ni kitenzi kilichoungwa na *he*, *has*, *ha*, yaani nina, una, ana. *Esperaré* ni *esperar* na *he*, nina kungoja, kama vile mtu asemavyo kwamba ana deni. Kwetu sisi, kiambishi *-ta-* ni masalia ya kitenzi kutaka, na mzizi huo bado waonekana tunaposema *atakayekuja* au *itakapofika*. Hivyo Mhispania anapoitaja kesho hutaja wajibu, na Mswahili hutaja nia. Na hakuna kati yao aliyeiona hiyo kesho. Mhispania huweza hata kuutumia wakati huo kwa jambo la sasa asilokuwa na yakini nalo: *esperará en la puerta*, huenda anangoja mlangoni. Sura ya Al-Kahf inamkataza muumini kusema atalifanya jambo kesho asipolifungamanisha na mapenzi ya Mwenyezi Mungu, na Waraka wa Yakobo unawaonya vivyo hivyo wafanya biashara wanaopanga safari na faida za mwaka mzima. Mimi naona maonyo hayo hayakuletwa kuifunga lugha. Yameikumbusha lugha asili yake.

Wahispania wanalo neno *ojalá*, na ndani yake Mswahili hukuta nyumba anayoijua. Waislamu walivuka mlango wa bahari mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho, ikasalimu amri tarehe 2 Januari 1492. Dola ikaondoka, maneno yakabaki, *azúcar* ya sukari, *aceite* ya mafuta, na hili *ojalá*, ambalo ni *lau sha Allah* ya Kiarabu cha Andalusia. Tazama kwamba ni *lau*, si *in*. Sisi tulichukua *inshallah*, na *in* ya Kiarabu ni sharti la jambo liwezekanalo. *Lau* ni sharti la jambo lililo mbali au lisilokuwapo, na hilo nalo tunalo. *Ojalá* hudai hali ya matakwa sikuzote, kisha hushuka ngazi tatu. *Ojalá espere*: angoje, inshallah, na mlango uko wazi. *Ojalá esperara*: lau angengoja, na sauti imekwisha kulegea. *Ojalá hubiera esperado*: laiti angalingoja, na hapo mtu amekwisha kupanda chombo, tanga limetwekwa, nawe umesimama gatini. Iko hadithi ya Mtume inayoonya kwamba *lau* hufungua kazi ya shetani, na wanaoifafanua husema kuwa ni ile *lau* ya kujutia kadari, wala si ile ya kutamani kheri. Kihispania kimeitenga ya kwanza na ya pili kwa kitenzi chenyewe.

Atatokea mtu aseme: ikiwa tumaini haliwi kweli wala uongo, basi ni upepo tu, na anayetumaini hana la kuulizwa. Hapa ndipo ninapotaka kusimama, kwa kuwa hoja hii ina nguvu, na kwa kuwa nimewaona watu wema wakikimbilia *inshallah* kama mtu akimbiliavyo kivuli, ili wasiseme ndiyo wala la. Rudini katika ile sentensi yangu iliyosahihishwa. *Espero que tu madre mejore* ina vitenzi viwili, na mwalimu alikigusa kimoja tu. *Mejore* kiko katika matakwa, hakiarifu kitu, hakiwezi kuwa uongo. *Espero* kiko katika hali ya kuarifu, sawa na *llueve*, mvua inanyesha; nacho chaweza kuwa uongo mtupu. Anayesema hivyo ameapa juu ya moyo wake, na ya mgonjwa amemwachia mwenye ugonjwa na dawa. Mama yule akifariki usiku ule ule, mwenye kutumaini hakusema uongo hata chembe. Na akipona kesho asubuhi, yule aliyesema *espero* pasipo kujali amekuwa mwongo ingawa mgonjwa ameketi kitandani anakunywa uji. Na kwa kuwa *esperar* ni kungoja vilevile, ushahidi wa kiapo hicho si mgumu kuupata: je, aliingoja habari? Aliuliza siku ya pili? Alikaa?

Lipo bado umbo moja la jedwali ambalo sikulitaja, *esperare*, wakati ujao wa hali ya matakwa, lililokwisha kufa vinywani mwa watu na kubaki katika maandishi ya sheria, ambako husemwa bado juu ya yeyote *atakayekuwa ameua*, kwa namna isiyodai kwamba mtu kama huyo yupo au atakuwapo. Nalisikitikia. Lilikuwa ni namna ya kuitaja kesho kwa adabu.

Barua yangu nilikuwa nimekwisha kuipeleka kabla ya masahihisho, kwa kuwa ile niliyompa mwalimu ilikuwa ni nakala. Kwa hiyo mwenzangu aliipokea na *a* yake. Baada ya majuma mawili akaniletea jibu kutoka kwao, mistari michache ya shukrani kwa mwandiko uliolala, hakunidhihaki kosa langu, na mwishoni neno moja peke yake na nukta: *Esperamos.* Kwa nafsi ya kwanza wingi, vitenzi vya *-ar* vina umbo moja kwa wakati uliopo na wakati uliopita, wala hakuna alama ya mkazo ya kuvitenganisha kama ile inayotenganisha *espero* na *esperó*. Tunangoja. Tulingoja. Tunatumaini. Nililisoma dirishani hata taa za njiani zikawashwa, nikilitafutia wakati wake, nisiuone. Ndipo nilipochukua karatasi, nikaandika *Ojalá mejore*, nikaitazama ile *e* mara mbili, na kwenda posta kabla haijafungwa.