Beseni Kabla ya Fomu

Leo nataka kusema na akina mama wenzangu wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, tunaokutana Jumamosi alasiri chini ya miembe na kwenye vibaraza vya nyumba za kupanga, kuanzia Ukunda hadi Msambweni na kule juu Shimba Hills. Nitaanza na kosa langu, maana sina uso wa kumnasihi mtu juu ya jambo nililoliharibu mwenyewe.

Nilikuwa katibu wa jumuiya yetu. Binti mmoja aliyekuwa akisafisha vyumba katika hoteli ya Diani alikuja na mtoto mgongoni, amemfunga kwa leso mpya, ndiyo kwanza ametoka arobaini. Alitaka fomu ya ubatizo itiwe sahihi, kwa sababu kwetu fomu haifiki ofisi ya parokia bila sahihi ya jumuiya. Mwenyekiti akanipa kalamu. Nikajaza jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama. Nilipofika mstari wa jina la baba nikauliza kwa sauti, mbele ya watu kumi na wanane: "Na babake?"

Jibu nililijua. Sote tulilijua. Ndiyo maana siwezi kusema niliteleza.

Binti akainamisha uso. Mama mmoja akaguna. Mwingine akasema afadhali aje tena mambo yakinyooka. Yule binti akaukaza mkunjo wa leso kifuani, akainuka, akashukuru. Alishukuru! Kisha akaondoka, nasi tukaendelea na mchango wa mazishi. Kwenye daftari niliandika: fomu moja, imeahirishwa. Daftari lile ninalo mpaka leo.

Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Ilikuwa Mei, mvua zimeshika, hoteli nyingi zimepunguza wafanyakazi, na nilijiambia huenda amerudi kwao bara. Ni rahisi kumpeleka mtu bara moyoni mwako ili usimtafute.

Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa palepale, chumba cha nne katika safu ya vyumba sita vyenye choo kimoja, na aliyemlea tangu alipotoka hospitali ni jirani yake wa mlango wa pili, bibi wa Kidigo, Mwislamu. Kila asubuhi kwa siku arobaini bibi huyo alichemsha maji, akamkanda mzazi kiuno na tumbo, akamfunga mkanda wa leso, akamnywesha uji wa pilipili manga akiwa amekaa mbele yake mpaka kikombe kiishe. Nilipomuuliza baadaye ilikuwaje akajitwika kazi yote hiyo kwa mtoto wa watu, alinishangaa. "Ni mzazi," akaniambia, "na mimi niko mlango wa pili. Ningefanyaje?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 chini ya umoja wao wa AMECEA, walikubaliana kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndiyo iwe kazi ya mbele katika uchungaji, wazo walilokuwa wamelianza mwaka 1973. Walitaka Kanisa lifike mlango wa pili. Padre mwenye vigango vingi, barabara ya vumbi na pikipiki moja hawezi kujua ni nani amejifungua usiku wa jana nyuma ya duka la mahindi. Nyumba kumi na tano zinazosali pamoja zinaweza kujua, na kwa kweli zinajua. Habari ya mimba ile tulikuwa nayo tangu mwezi wa tatu. Tuliifanyia mazungumzo. Maji ya moto hatukuyapeleka.

Sasa tuseme kuhusu sheria, kwa sababu wengi wetu hujificha nyuma yake bila kuisoma. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki zake za kwanza. Kanuni ya 868 inataka mzazi akubali, hata mmoja tu, na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Cheti cha ndoa hakimo humo. Tena kanuni ya 877 inaeleza namna ya kumwandika katika kitabu cha ubatizo mtoto wa mama asiyeolewa. Kanisa lisingepanga jinsi ya kumwandika mtoto huyo kama lilikusudia abaki nje. Hata msimamizi mmoja anatosha. Kumbe mstari ule nilioukazania mbele ya watu, padre angeushughulikia ofisini kwa dakika mbili na kwa sauti ya chini.

Papa Fransisko alilisema jambo hili mapema kabisa, Mei 2013, miezi michache baada ya kuchaguliwa. Katika mahubiri ya asubuhi alitoa mfano wa mama asiyeolewa anayefika parokiani kuomba mtoto wake abatizwe, akaambiwa haiwezekani. Msichana huyo, alisema Papa, alikuwa na ushujaa wa kuibeba mimba yake, nasi tunamwonyesha mlango uliofungwa. Akaonya kwamba juu ya sakramenti saba tunajiwekea ya nane, ya forodha. Sisi watu wa huku forodha tunaijua. Ukishuka barabara hii ukapita Msambweni na Ramisi, mbele yako ni Lunga Lunga, na pale hata mwenye kikapu cha machungwa anasimama na kujieleza. Pale ni mpakani, ndiyo kazi yao. Kwenye kibaraza cha jumuiya hakuna mpaka wa nchi yoyote.

Na mwezi Desemba 2023, askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika alipouliza kuhusu akina mama wa namna hii wanaoacha kukomunika kwa kuogopa ukali wa mapadre na viongozi wa jumuiya, Idara ya Mafundisho ya Imani ilimjibu kutoka Roma kwamba akina mama walioungama wasizuiwe kuijia meza ya Bwana, na kwamba wasaidiwe waone nguvu ya sakramenti. Viongozi wa jumuiya, mama zangu. Tumetajwa.

Najua mtakachoniuliza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikiuliza. Tukimpokea huyu kwa vigelegele, si tutawafundisha mabinti wengine kwamba ndoa si kitu? Mimi naiamini ndoa takatifu. Nimeishi ndani yake miaka thelathini na tatu na nawafundisha mabinti zangu waitafute. Lakini sijaona binti hata mmoja aliyeshika usafi wa moyo kwa kutazama mwenzake akifukuzwa kibarazani. Ninaowajua walijifunza jambo jingine kabisa: ukipata mimba, jifiche. Na msichana anayejificha huenda kliniki amechelewa, au haendi, au humfuata mtu wa kumsaidia "kuitoa" kwenye chumba chenye pazia chafu. Tulimfundisha nani, na tulimfundisha nini?

Tena tunamsema nani? Tangu binti yule apate mimba sikusikia jina la kijana mwenyewe likitajwa katika jumuiya yoyote. Hakuwa mgeni aliyeondoka na msimu wa watalii, kama ilivyo kwa baadhi ya hawa wasichana wa pwani yetu. Alikuwa kijana wa humu humu, na Jumapili alibeba kapu la sadaka. Ibara ya 53 ya Katiba yetu ya 2010 inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Wazee wa chama cha wanaume, hili ni lenu. Mkalisheni kijana chini kwa upole wa baba, mumuulize maziwa ya mtoto yanatoka wapi. Msimlazimishe ndoa ya aibu, ambayo mara nyingi huwaacha watu wawili wenye uchungu mahali alipokuwa mmoja. Mlazimisheni wajibu.

Katika ukanda wetu jumuiya zenye jina la Mtakatifu Monika hazikosi, na kila tarehe 27 Agosti tunashona vitenge sare kwa ajili ya msimamizi wetu sisi akina mama. Tunasimulia machozi yake kwa ajili ya mwanawe Augustino. Jambo moja hatulisimulii. Monika alikuwa bibi wa mtoto wa nje ya ndoa. Augustino aliishi miaka mingi na mwanamke asiyemwoa, wakapata mtoto wa kiume wakamwita Adeodato, maana yake aliyetolewa na Mungu. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, kule Milano, Askofu Ambrosi aliwabatiza baba na mwana pamoja. Monika aliliona jambo hilo, na mwaka huo huo akafariki.

Lakini mama wa Adeodato hakuwapo. Ndoa na mwanamke mwingine wa heshima zaidi ilikuwa ikipangwa, na Monika mwenyewe alikuwa miongoni mwa wapangaji, kwa hiyo mwanamke yule alirudishwa Afrika, mtoto akabaki na baba. Augustino aliandika jinsi moyo wake ulivyochanika siku ile. Jina la mwanamke hakuliandika mahali popote. Nampenda Monika, naomba kwake kila siku, na hapa ndipo ninapomwona mama kama mimi, mwenye kupanga vizuri kwa ajili ya watu wake huku mwanamke mwingine akiondoka. Yule asiye na jina huwa namwombea kwa kumwita "mama wa Adeodato". Kwetu ndivyo anavyoitwa mwanamke aliyezaa.

Mama mzazi wa binti kama huyu, neno kwako pia. Najua ulivyokosa usingizi na jinsi ulivyobadilisha njia ya sokoni usikutane na wanakikundi wenzako. Usimpeleke mtoto wako kwa shangazi mbali ili useme yuko masomoni. Na kama kweli alikuwa shuleni, tangu mwaka 1994 serikali yetu inaruhusu msichana aliyezaa arudi darasani, basi pigania kiti chake kwa mwalimu mkuu. Nawe binti: nenda kaungame kwa padre unayemwamini, na habari za maisha yako uzimalizie pale. Kibaraza kizima hakihitaji kuzisikia.

Nilikwenda kwake mtoto akiwa na miezi minne. Nilipobisha hodi alifungua mlango nusu, akaniamkia, kisha kabla sijasema neno akaniambia, "Mama, mchango wa jumuiya nitatoa mwisho wa mwezi." Alidhani ndicho kilichonileta. Nikamwomba msamaha palepale mlangoni, maneno yakanitoka vibaya, naye akanitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili. Nikaona beseni la nepi limelowekwa uani. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kufua. Bibi wa mlango wa pili alinitazama kitambo kirefu kutoka kizingitini kwake, hakusema kitu. Halafu akanisogezea kipande cha sabuni.

Mtoto alibatizwa Jumapili ya mwisho ya Septemba. Bibi alikuja na buibui lake, akakaa benchi la nyuma, akambeba mtoto mama alipokwenda kutia sahihi.

Wiki hii nimesikia kuna binti mwingine, wa jumuiya jirani, amejifungua katika hospitali ya Msambweni na anatoka kesho. Nimesaga wimbi, nimepima pilipili manga, nimekunja leso mbili kuukuu zilizo laini, maana mpya humkwaruza mtoto. Nitapanda matatu ya saa kumi na mbili nikamsubiri langoni. Bibi amesema tutakwenda wote. Anasema mimi bado sijui kukanda.