Thamani ya Gari Lisilokamilika

Mtu aliyenunua Datsun Violet kuukuu, gari la ukoo ule uliompatia dereva Shekhar Mehta ushindi wa mbio za magari za Safari Rally mfululizo tangu 1979 hadi 1982, akaing'oa injini yake ya asili, akapachika nyingine yenye nguvu zaidi, kisha fedha zikamwishia kabla ya kuunga nyaya, hana budi kufahamu ya kuwa mnunuzi hatamrudishia gharama zake, bali atakadiria thamani ya gari zima litembealo, atoe humo ujira wa kazi iliyosalia na hatari ya yale yasiyoonekana. Jambo hili huuma, wala sioni aibu kumhurumia. Lakini fundi mpya hufungua tena kila parafujo ambayo hakuiona ikikazwa. Ndiyo maana stakabadhi za vipuri, picha za kazi, na hasa hati ya umiliki yenye nambari ya injini iliyomo sasa, zina kima kikubwa kuliko rangi mpya. Muuzaji mwaminifu hutaja ila kwanza, kutu ya sakafuni na breki zisizojaribiwa, ndipo atamke bei. Na wanunuzi wakiikataa, aiuze injini mbali na bodi mbali.