Nia Njema Hairudishi Jino



Ndugu zangu katika imani, katika somo la fiqhi tunafundishwa kwamba jino moja lina diya ya ngamia watano. Hukumu hiyo imo katika barua ambayo Mtume (s.a.w.) aliwapelekea watu wa Yemen kwa mkono wa Amr bin Hazm (r.a.). Wanazuoni hawakuliacha hata jino la utotoni. Likivunjwa, walisema, husubiriwa mpaka umri wa kuota jino jipya: likiota diya haidaiwi, lisipoota inadaiwa. Sisi huyasoma haya kwa ajili ya mtihani, kisha tukarudi likizo Kasese na Bwera, ambako meno ya watoto wachanga yanang'olewa na hakuna anayeulizwa.

Nazungumzia ebinyo. Mtoto wa miezi mitano anaharisha, ana homa, halali. Jirani anamfungua kinywa, anaona ufizi umevimba mahali pa chonge, anasema hayo ni meno ya uongo, yatolewe kabla hayajamwua. Wenzetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki au ya nailoni. Anaitwa mtu mwenye kisu au spoki ya baiskeli, anachokoa ufizi, anatoa kitu cheupe na laini, anamwonyesha mama: ugonjwa ndio huu.

Kile cheupe si ugonjwa. Ni chonge changa, ambayo ingechomoza mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Karibu yake ndipo inapojengeka chonge ya ukubwani, nayo inaweza kuharibika kwa chuma hicho hicho. Mtoto anaweza kutokwa na damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi ya damu. Na kuhara kunaendelea, kwa sababu hakukutoka kwenye jino. Umri huo ndio wa kuanza uji na kutia kila kitu kinywani, na vijidudu huingia kwa njia hiyo.

Sasa swali. Mama huyu amefanya dhambi? Alitaka mwanawe apone, na matendo huhesabiwa kwa nia. Mimi nasema tutenganishe vitu viwili: dhambi na dhamana. Anayeua kwa bahati mbaya hakukusudia, lakini Suratun Nisaa imemwekea diya na kafara. Nia humwondolea mtu lawama mbele ya Mola wake; haimrudishii aliyeumia kilichopotea. Na yule mwenye spoki ana hukumu yake: Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, analipa anachoharibu.

Wapo watakaosema mzazi ameruhusu. Lakini mwili wa mtoto ni amana, si mali ya mzazi. Mlezi ana ruhusa katika lile lenye maslahi kwa anayelelewa tu. Wengine watasema ni desturi ya wazee, na sheria yetu inazitambua desturi. Ni kweli, ila desturi yenye madhara haina nafasi mbele ya kaida ya kuondoa madhara. Na wale wanaosema "wangu alitolewa akapona" wakumbuke kwamba kuhara kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Aliyepona ana mama wa kumsimulia. Aliyekufa husemwa kwamba alicheleweshwa kutolewa.

Hata hivyo, sikubali tusimame juu ya mimbari tuseme "haramu", tushuke, tuende zetu. Mama wa kijijini juu ya Bwera amebeba mtoto anayekauka maji usiku. Ada katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini nauli ya boda boda haikufutwa. Mwenye spoki yupo jirani. Tukimkataza huyo bila kuonyesha njia nyingine, tumemwacha mama peke yake na ugonjwa.

Basi anayejua ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi. Likizo hii, katika darsa za akina mama na khutba za Ijumaa, tuseme wazi: mtoto akiharisha aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS na vidonge vya zinki, apelekwe kituo cha afya mapema. Tuwaombe wahudumu wa afya wa kijiji waje wakae nasi msikitini. Jamaa zetu wachangishane nauli kama tunavyochangishana kwa maziko. Na meno yakishaota, yapigwe mswaki tangu jino la kwanza. Dini iliyohimiza mswaki kabla ya swala haiwezi kuwa imeyasahau meno ya watoto.

Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Naogopa kwamba juu ya chonge hizi, mama ataulizwa alichokusudia, na sisi tutaulizwa tulichokijua tukanyamaza.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na awahifadhi watoto wetu. Amin.