Je, Kuutunza Mlima ni Ibada?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baada ya hayo: tumeulizwa katika darsa iwapo yamfaa Muislamu kutoa siku yake, bila ya ujira, kuutunza msitu wa Mlima Kenya na kutengeneza njia zake. Wenye kukataa wana hoja mbili: kwamba kazi hiyo ina wenyewe, askari wa misitu na wa wanyama wanaolipwa mshahara, na kwamba jirani zetu Wakikuyu tangu zamani waliuelekea mlima huo wakimwomba Ngai, basi kuuhudumia ni kukaribia shirki.

Tuanze na hii ya pili, kwani ndiyo nzito. Shirki ni kumwabudu asiyekuwa Mungu, si kuokota taka mahali alipopaheshimu mwingine. Mtume (s.a.w.) alikataza miti ya Madina isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, wala hakuna aliyedai kuwa ameiabudu miti. Amali hupimwa kwa nia.

Ama ya mshahara, tumefundishwa katika hadithi sahihi kwamba imani ina matawi sabini na kitu, na la chini yake ni kuondoa udhia njiani. Hapakubaguliwa njia ya sokoni na ya mlimani. Tazameni njia ya Naro Moru: mvua huigeuza tope, mpitaji hulikwepa kwa kukanyaga kando, njia ikapanuka, mimea ikafa, na udongo ukateremka mitoni. Mwenye kuchimba mfereji wa kuyatoa maji njiani na kupanga mawe amemwondolea udhia mtu, mmea na mto pamoja.

Na mto huo ni wa nani? Sehemu ya maji ya mlima huu na ya Nyandarua huingia Tana, hupita Garissa, na humwagikia baharini karibu na Kipini. Anayetawadha huko hatujui, nasi hatumjui, lakini ana haki juu yetu. Kwa hiyo kuuhifadhi msitu ni fardhi ya kutoshelezeana: wakitosha wenye kuitenda, wengine wamesalimika, wasipotosha, sote tutaulizwa. Moto ulipouchoma mlima Machi 2012, wenye mshahara hawakupambana nao peke yao. Watu wa kujitolea waliwasaidia.

Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alianzisha harakati zake za kupanda miti mwaka 1977, na wanawake wa vijijini wakapanda makumi ya mamilioni. Yeye hakuwa Muislamu. Sisi tulioambiwa kuwa mti tuupandao, akila kwao mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yetu, tuna udhuru gani?

Basi nendeni kwa idhini ya walinzi wa msitu, baada ya kuwatimizia watu wa nyumbani haki zao, wala msitafute kusifiwa. Wabillahi tawfiq.