Shamba la Zubeir na Bili za Uingereza

Tarehe 31 Machi 2022 watu nchini Uingereza waliingia chini ya ngazi za nyumba zao, wakapiga magoti mbele ya makabati na kufungua visanduku vya ukutani, simu mkononi, wakitafuta namba za mita. Kesho yake kikomo cha bei ya umeme na gesi kwa nyumba yenye matumizi ya kawaida kilikuwa kinapanda kutoka pauni 1,277 hadi pauni 1,971 kwa mwaka, asilimia 54 kwa mkupuo mmoja. Kila mtu alitaka kampuni yake ijue ametumia kiasi gani kabla bei mpya haijaanza. Tovuti za kampuni kadhaa zilielemewa na watu, zikakwama.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Mita isiyosomwa hukadiriwa: kampuni hutazama nyumba ilitumia nini huko nyuma, ikapiga hesabu, ikaandika kwenye bili namba yenye herufi E pembeni. Makadirio yakihamisha gesi ya Machi na kuihesabu kama ya Aprili, mteja anatozwa bei mpya kwa moto alioota kwa bei ya zamani. Hakuna aliyeiba. Ni kalamu tu imeteleza, na pauni zimehama mfuko.

Pamoja na makadirio kuna jambo la pili, zito zaidi, nalo ni salio. Nyumba nyingi Uingereza hulipa kwa makato ya benki, kiasi kilekile kila mwezi, iwe Januari au Julai. Kiangazi kikifika na mitambo ya kupasha nyumba joto ikazimwa, mteja anakatwa zaidi ya anachotumia, na ziada inarundikana kwenye kampuni ikisubiri baridi ya Desemba. Kwa mwenye mshahara mdogo huo ni mpango wa busara, kwa sababu unamwepusha na bili kubwa ya majira ya baridi. Lakini kwa miezi kadhaa kuna pesa ambayo mteja ameshaitoa na bidhaa hajaipata. Makadirio yakikaa juu, kato la mwezi nalo linapanda, na salio linaweza kufika mamia ya pauni bila mwenyewe kukusudia kuweka akiba yoyote.

Mswahili aliyehamia Leicester au London akitokea Tanzania huona ajabu. Kwa mtumiaji wa LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini humo, anayelipa huondoka na uniti zake. Huziingiza kwenye mita yake, na kilichobaki anakisoma ukutani kwake mwenyewe. Hapa anaambiwa pesa yake iko, ila iko kwenye vitabu vya kampuni ambayo hajawahi kuiona ofisi yake.

Basi pesa hiyo ni ya nani?

Sheria inajibu bila kigugumizi: ni ya kampuni. Alichobaki nacho mteja ni madai tu, na kampuni ikifilisika anapanga foleni nyuma ya wadai wenye dhamana. Lakini sheria hiyohiyo ilipotazama amana ya pango iliona vingine. Tangu Aprili 2007 mwenye nyumba wa England na Wales analazimika kuiweka amana ya mpangaji chini ya mpango wa ulinzi uliotambuliwa na serikali. Pesa ya kuvunjika kwa kioo ililindwa, pesa ya joto la Desemba ikaachwa.

Mwaka 2021 swali hilo lilitoka vitabuni likaingia majumbani. Bei ya gesi kwenye soko la jumla ilipaa, na kampuni ndogo zilizokuwa zimeuza kwa bei rahisi bila kujinunulia gesi mapema zikaanza kuanguka, wakati mwingine mbili au tatu kwa wiki. Avro Energy ilianguka Septemba ikiwa na wateja wapatao 580,000. Novemba ikafuata Bulb, iliyokuwa na zaidi ya milioni 1.5, kubwa mno kiasi kwamba serikali ililazimika kuiweka chini ya msimamizi maalumu hadi Octopus Energy ilipoichukua Desemba 2022. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipotoa ripoti yake mwaka 2022 ilihesabu kampuni 29 zilizoanguka tangu Julai 2021, zikigusa karibu nyumba milioni 4. Baadhi ya kampuni za aina hii zilikuwa zimeyatumia masalio ya wateja kama mtaji wa kuendeshea biashara. Kiangazi walipokea, kiangazi walitumia, na baridi ilipobisha hodi kabati lilikuwa tupu.

Wanafalsafa waliligusa jambo hili zamani. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, mojawapo ya maana za kwanza za haki zinazopimwa ni kumrudishia mtu alichokukabidhi, na Socrates anaonyesha kuwa hata hilo si jepesi, kwa kutoa mfano wa rafiki aliyeacha silaha zake kisha akarukwa na akili. Immanuel Kant naye, katika kitabu chake cha mwaka 1788 juu ya akili ya kimatendo, alimchukua mtu aliyeachiwa amana na marehemu ambaye hakuacha maandishi yoyote. Je, anaweza kuikana? Kant akauliza ingekuwaje kama kila mtu angefuata kanuni hiyo, akajibu kwamba kanuni ingejiua yenyewe, kwani hakuna mtu angemwekea mwenzake kitu tena. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimfikii mwenye kampuni ya gesi. Yeye hakani chochote. Anakiri kwamba pesa aliipokea, anakiri kwamba anadaiwa, na anakiri kwamba hana.

Kwa mtu kama huyo fikra za Kiislamu zinafika ndani zaidi, kwa sababu wanazuoni walitenganisha mapema vitu viwili ambavyo makampuni haya yalivichanganya. Amana ni mali ya mwenyewe iliyo mikononi mwa mwingine. Mshikaji haruhusiwi kuigusa, na ikipotea bila uzembe wake, kwa moto au kwa mwizi, hadaiwi. Mkopo ni kinyume chake: aliyepokea anaweza kuutumia apendavyo, ila ukiungua, ukiibwa au ukizama baharini, deni liko palepale. Mshikaji wa amana hana uhuru wala mzigo wa hasara. Mkopaji ana vyote viwili.

Hapa ndipo pa kumkumbuka Zubeir bin Al-Awwam, sahaba wa Mtume, ambaye habari zake zimo katika Sahih ya Bukhari. Watu wa Madina walimwamini mno, wakawa wanamletea mali zao awawekee. Zubeir alikataa kuzipokea kama amana. Alisema atazichukua kama mkopo, kwa kuwa aliogopa zisije zikapotea. Maneno yale ni ya mtu aliyejitwisha mzigo kwa hiari. Kama amana, mali ikipotea hasara ingekuwa ya mwenyewe. Kama mkopo, hasara ni yake Zubeir. Alipata uhuru wa kuitumia, naye akalipia uhuru huo kwa dhamana ya mali yake yote.

Alipouawa mwaka 656, wakati wa Vita vya Ngamia, mwanawe Abdullah alipiga hesabu ya madeni akayakuta ni 2,200,000. Pesa taslimu hazikuwapo. Ilikuwapo ardhi, likiwemo shamba la Al-Ghaba ambalo Zubeir alilinunua kwa 170,000, na nyumba Madina, Basra, Kufa na Misri. Shamba lile peke yake liliuzwa kwa 1,600,000, na kwa mali aliyoiacha wadai wakalipwa. Warithi wakataka kugawana kilichobaki. Abdullah akakataa. Kwa miaka minne, kila msimu wa Hija, alitangaza mbele ya mahujaji kwamba yeyote anayemdai Zubeir ajitokeze alipwe. Misimu minne ilipopita ndipo urithi ukagawanywa.

Weka habari hiyo kando ya mwaka 2021. Kampuni za Uingereza nazo ziligeuza pesa ya wateja kuwa mkopo, na kwa hilo peke yake hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba zilichukua nusu ya kwanza ya alichofanya Zubeir na kuiacha ya pili. Shamba halikuwepo. Milango ya soko ilikuwa wazi mno, na ukaguzi ulimlaumu Ofgem, mdhibiti wa sekta hiyo, kwa kuruhusu kampuni dhaifu kuingia na kukua. Fikihi ina kanuni inayofungamanisha faida na dhamana: anayekula matunda ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Huku faida iliandikwa kwa jina moja na hasara ikaandikwa kwa jina lingine.

Jina gani? Kusema kweli wateja hawakupoteza masalio yao. Kampuni ikianguka, Ofgem huteua nyingine iwapokee wateja na kuyaheshimu masalio, na huo ni utaratibu wa kusifiwa. Wapo waliokosa kinga ya namna hiyo. Mwaka 2006 ilianguka Farepak, kampuni iliyokuwa ikikusanya akiba ndogondogo za Krismasi kutoka kwa zaidi ya watu 100,000, wengi wao wa kipato cha chini. Krismasi ikafika wao mikono mitupu, na baada ya miaka ya kusubiri wakapata takriban nusu. Lakini kinga ya umeme na gesi ina mlipaji. Gharama ya kuwahamisha wateja hurudishwa kupitia bili za nchi nzima, na ukaguzi wa 2022 ulikadiria pauni bilioni 2.7, bila kuihesabu Bulb, sawa na pauni 94 kwa kila nyumba. Bibi mzee aliyekuwa makini, aliyebaki na kampuni imara na kulipa zaidi kwa ajili hiyo, alilipia masalio ya watu asiowajua, yaliyowekwa rehani na mtu asiyemjua. Salio lilirudi kwa mwenyewe, ndiyo. Halikurudishwa na aliyelichukua.

Wenye kampuni wana utetezi, na si wa kipuuzi. Wanasema pesa ikifungiwa kando, kampuni itabidi ikope benki kwa riba, bei ipande, na kampuni ndogo zife, kisha wakubwa wachache wabaki na soko lote. Centrica, mmiliki wa British Gas, alikwenda njia nyingine na kutangaza kuwa ametenga pesa za wateja wake kwa hiari. Ofgem hatimaye hakulazimisha kila kampuni kuzitenga. Alijipa uwezo wa kuiagiza kampuni inayotia shaka, na akaweka lengo la mtaji wa pauni 115 kwa kila nyumba inayonunua umeme na gesi, kuanzia mwisho wa Machi 2025. Kwa lugha ya Madina, hakusema pesa iwe amana. Alisema shamba liwepo. Ni hatua ya haki, japo imekuja baada ya nyumba milioni 4 kupitia hofu wasiyoisababisha. Kwa ambaye bado hajafika kwenye pauni hizo 115, kuzigusa pesa za kiangazi ni kukopa bila kuwa na cha kulipia, na mdhibiti hapaswi kumwonea haya.

Makadirio nayo yana kielelezo chake, tena kizuri kuliko wengi wanavyojua. Baada ya Khaybar kutekwa mwaka 628, wenyeji walibaki kulima mashamba ya mitende kwa sharti la kutoa nusu ya mavuno. Mtume alimtuma Abdullah bin Rawaha akadirie tende zikiwa bado mitini. Wakulima walijaribu kumpa mapambo ya wake zao awapunguzie, akakataa. Kisha, kama ilivyopokewa katika Muwatta ya Imam Malik, aliwapa hiari: wakitaka wachukue wao mavuno kwa makadirio yale, au wamwachie yeye kwa makadirio yaleyale. Hicho ndicho kipimo. Anayekadiria kwa haki yuko tayari kusimama upande wowote wa hesabu yake. Na katika kukadiria zaka ya matunda imepokewa amri ya kumwachia mwenye shamba theluthi, au walau robo. Wanazuoni wakaeleza kuwa ni kwa ajili ya ndege, wageni, wapita njia na tende zinazoanguka. Kosa, kama lazima liwepo, liegemee upande wa anayekadiriwa.

Je, kampuni ya gesi ingekubali kubadilishana nafasi na mteja wake? Kati ya Februari na Aprili 2022, kwa mujibu wa Ofgem mwenyewe, zaidi ya wateja 500,000 waliona kato lao la mwezi likipanda kwa zaidi ya mara mbili, na kampuni zikatakiwa kuzipitia upya hesabu hizo. Mita janja zilitarajiwa kumaliza ugomvi huu, lakini mamilioni yake yamekuwa hayatumi usomaji inavyotakiwa, na makadirio yanaendelea. Kanuni moja imekaribia roho ya Ibn Rawaha: tangu Mei 2018 kampuni ambayo kwa kosa lake haikutoza sawasawa hairuhusiwi kumdai mteja gesi au umeme wa zaidi ya miezi 12 nyuma. Anayeshika kalamu anabeba uzembe wa kalamu.

Zubeir na Ibn Rawaha hawakuwa na mdhibiti wa kuwafuata. Kampuni za leo zinaye, na wateja wana haki ambazo wengi wao hawazitumii. Kwa hiyo msomaji anayeishi Uingereza, au mwenye ndugu huko, na afanye hivi: asome mita mwisho wa kila mwezi, apige picha, aitume namba hiyo kwa kampuni, na aitafute herufi E kwenye bili yake. Akikuta salio limezidi mahitaji ya majira ya baridi, aliombe kwa maandishi. Masharti ya leseni yanaitaka kampuni imrudishie akiomba, isipokuwa iwe na sababu ya msingi ya kutofanya hivyo, na sababu hiyo lazima imweleze.