Nani Alipe Gharama ya Shaka?

Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipothibitishwa Goma, mama yangu alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kutoka Gisenyi, beseni la sambaza kichwani. Wavukaji wote walinawa mikono na kupimwa joto. Siku moja, kwenye kituo kimoja cha ukaguzi, kipimajoto kilionyesha ana homa. Akatengwa hadi jioni. Ilikuwa malaria. Sambaza zilikuwa zimeharibika, na wateja wakamkwepa kwa siku nyingi. Tangu hapo, kila alipohisi mwili una joto, alimeza dawa ya kushusha homa kabla ya kuvuka. Nilijua, nikanyamaza.

Je, alikosea?

Kipimajoto kile husoma joto linalotoka kwenye ngozi tu, virusi hakivijui. Ndiyo maana watafiti wanaunda vihisi vidogo vya mwanga. Mwanga hupitishwa katika njia nyembamba kuliko unywele, iliyopakwa kingamwili. Kingamwili zikinasa virusi kutoka kwenye tone la damu, mwendo wa mwanga hubadilika kidogo, nacho kifaa husoma badiliko hilo. Kifaa cha namna hiyo kisingechanganya malaria na Ebola kwa urahisi.

Hata hivyo, hakuna kipimo kisichokosea. Tuchukue mfano: watu 10,000 wanavuka, mmoja tu ni mgonjwa, na kihisi hukosea mara moja kwa kila wazima 100. Watazuiwa watu wapatao 100 wasio na ugonjwa ili apatikane huyo mmoja.

Kuwazuia ni haki, kwa sababu maisha ya wengi yamo hatarini. Lakini usalama ni wa wote, ilhali hasara inabebwa na hao 100 peke yao. Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Anayezuiwa kwa faida ya wote anastahili kufidiwa na wote: bei ya mzigo wake, na tangazo la wazi kwamba ni mzima.

Wengine watasema fidia ni ghali. Nami nasema kukosa fidia ni ghali zaidi, kwani humfundisha mtu kukidanganya kifaa. Mama alikosea, kwa kuwa angeweza kuhatarisha wengine. Lakini sisi tulimwachia achague kati ya ukweli na chakula cha watoto wake. Mimi, niliyekula chakula hicho, siwezi kumhukumu peke yake.