Kudura ya Mungu na Dhima ya Dereva

Gari linapoua mtu, neno lisikikalo kwanza ni hili: "Ni kudura ya Mungu." Husema jamaa za dereva, husema abiria waliosalimika, na pengine husema hata waliofiwa. Kwa mfiwa neno hili ni subira, nasi twataraji kuwa ana thawabu kwalo. Lakini kinywani mwa dereva aliyekuwa akikimbiza gari mbele ya skuli, neno lilo hilo laweza kuwa ni njia ya kuikimbia dhima. Basi yatupasa tuulize: je, kuamini kudura kwamwondolea dereva hesabu ya alilolitenda kwa mikono yake?

Ndugu msomaji, suala hili si la kubishania darsani tu. Katika nchi yetu ya Kenya, kila mwaka tangu 2021 mpaka 2024 watu waliokufa barabarani walizidi 4,000. Nyuma ya hao wako wajane na mayatima. Na wako pia madereva wanaosimama mbele ya hakimu pasi na kujua wameshitakiwa kwa jambo gani, wala jibu lao litawafikisha wapi.

Tuanze na kudura. Sayyidna Umar, Mungu amuwie radhi, alipokuwa njiani kwenda Sham karibu na mwaka wa 639, alipata habari kwamba huko kumeingia tauni. Akashauriana na masahaba, kisha akaazimia kurejea. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar hakuona haya kujibu kwamba anatoka katika kudura moja kwenda katika nyingine. Maana yake ni wazi. Hadhari yenyewe ni katika kudura, na mwenye kuiacha hawezi kumtupia Mola wake matokeo yake. Dereva aliyekwenda kilomita 100 kwa saa ndani ya mji, pahali ambapo sheria imeweka mpaka wa kilomita 50, hakulazimishwa na yeyote. Amechagua, naye ataulizwa juu ya kuchagua kwake.

Tena tuitazame sura ya An-Nisaa, aya ya 92. Hapo Mwenyezi Mungu amebainisha hukumu ya mwenye kumuua muumini kwa makosa, bila ya kukusudia. Je, ameambiwa aende zake kwa kuwa hakukusudia? La. Amewajibishwa diya kwa wenyewe maiti, ila wakisamehe, na kafara kwa Mola wake, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ikiwa makosa matupu yana mzigo huu, itakuwaje kwa uzembe ambao mtu aliujua, akaonywa, akaendelea nao?

Ama sheria ya nchi nayo hupambanua daraja za makosa. Iko hali ya kuendesha bila ya uangalifu unaopasa. Juu yake iko hali ya kuendesha kwa njia ya hatari kwa watu. Iko ya kuendesha hali mtu amelewa pombe au dawa hata hawezi kulimiliki gari. Hii adhabu yake yafika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miaka miwili, au yote mawili. Na kubwa yao ni kusababisha kifo kwa kuendesha ovyo, au kwa mwendo au namna ya hatari. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki chaweka kifungo kisichozidi miaka kumi, na leseni hufutwa, na mtu hukatazwa kuendesha kwa miaka mitatu. Kifungu hicho chamhusu pia aliyeliacha gari barabarani mahali pa hatari likasababisha mauti. Dereva wa lori bovu aliyeliacha njiani usiku bila ya alama asidhani kwamba yeye hayumo.

Lakini insafu ina pande mbili. Kushitakiwa si kupatikana na hatia. Pengine breki zilikatika ghafula, pengine mtoto alichomoka asionekane, pengine kosa ni la aliyekufa mwenyewe. Katiba ya 2010 yamhesabu mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Yampa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha aifahamuye, na ya kunyamaza, na ya kuwa na wakili, na ya kufikishwa kortini mapema, isizidi saa 24, ila zikiishia nje ya saa za korti. Mwenye kumhukumu dereva barazani kabla ya ushahidi, au kumpiga mawe pale njiani, amedhulumu.

Hapa pana jambo ambalo wengi wameangamia kwa kutolijua. Dereva huambiwa na marafiki, "Kubali tu, ulipe faini, yaishe." Husema kortini kwamba ni kweli, naye hakufahamu alilolikubali. Hayaishi. Hatia iliyothibitishwa na korti ya jinai huwa ni ushahidi katika kesi ya madai, jamaa za maiti wanapodai fidia. Na bima ya lazima kwa ajili ya watu wengine sheria haiilazimishi kulipa zaidi ya shilingi milioni tatu kwa mtu mmoja; kiasi kinachozidi chaweza kumwangukia dereva na mwenye gari. Hatusemi kwamba mwenye kosa akane. Kukana ulilolitenda ni uwongo, na uwongo ni haramu kortini kama ulivyo haramu msikitini. Twasema: asikubali asilolijua. Na aulize kwanza, kwa wakili akimpata, maana ya mashtaka aliyosomewa.

Ama kutoroka, hakuna udhuru. Sheria yamtaka dereva asimame, aseme jina lake, na kama hakuweza kufanya hivyo apige ripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, nayo isizidi saa 24. Akichelea kuuawa na kundi la watu, njia yake ni ya kituo cha polisi, si ya kwenda kulificha gari. Majeruhi aliyeachwa akivuja damu hakuuawa na gari peke yake. Ameuawa pia na kule kuachwa.

Na hongo? Wako wasemao kwamba shilingi chache mkononi mwa askari ni "kumaliza maneno". Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mtoaji na mpokeaji pamoja, na Sheria ya Hongo ya 2016 yawatia hatiani wote wawili. Gari bovu lililopita kwa hongo asubuhi ndilo liuwalo jioni.

Limebaki suala la sulhu. Wengi hudhani kwamba wazee wa pande mbili wakikutana, diya ikalipwa, kesi imekwisha. Mambo ya jinai hayamo katika mamlaka ya Kadhi. Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kesi ya kuua kwa gari husikizwa na hakimu, na mshitaki ni Jamhuri, si wafiwa. Ni kweli kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya jamaa kupatana kwa mila na dini yao. Lakini aliyeomba ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na idhini ilikuwa ya jaji. Basi msameheane, na diya itolewe kwa moyo mweupe, kwani ni haki ya yatima. Lakini msimwahidi dereva kwamba diya itamfungulia mlango wa jela, wala msimnunue shahidi anyamaze kwa jina la sulhu.

Enyi madereva wetu, na nyinyi wenye magari mnaowahimiza vijana wakimbie ili zipatikane safari nyingi kwa siku: kudura ni imani ya baada ya hadhari. Tazameni breki kabla ya kuondoka, mlale mkichoka, mpunguze mwendo penye watoto. Mkishayafanya hayo, kisha likatokea lililoandikwa, hapo mna haki ya kusema kuwa ni kudura, na watu watawasadiki. Kabla ya hapo, neno hilo ni la waliofiwa. Waachieni wao.